Sukari ya miezi mitatu: uliza imepimwa kwa njia gani

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza, na swali ninaloletewa sana dirishani kuhusu HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ni hili: "Kule wameandika 8.1, hapa 6.9, nishike lipi?" Usishike lolote kabla hujajua njia iliyotumika. Kama haipo kwenye karatasi, uliza. Ni haki yako.

HbA1c ni sehemu ya himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, iliyogandwa na sukari. Chembe hizo huishi takribani siku 120, kwa hiyo majibu yanaeleza wiki 8 hadi 12 zilizopita. Huna haja ya kufunga. Kunywa chai yako, panda kivuko cha Kamanga uje.

Njia ninayoipenda kwa watu wa huku ni HPLC, inayotenganisha himoglobini kwa chaji ya umeme na kutoa mchoro wenye vilele. Naipenda kwa sababu himoglobini S ya selimundu hujitokeza palepale. Kanda ya Ziwa, karibu mtu mmoja kati ya watano amerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja (huyo ndiye mbebaji), na wengi hawajui kwa kuwa hawaumwi. Elektroforesisi ya kapilari nayo huionyesha.

Njia ya kingamwili ndiyo inayonipa wasiwasi. Kingamwili hutambua asidi amino chache za mwanzo wa mnyororo wa beta, sehemu mojawapo ya himoglobini, na badiliko la selimundu liko nafasi ya 6, jirani kabisa. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vingi vya sasa vimerekebishwa, ila vipo vinavyopandisha au kushusha majibu ya mbebaji, na karatasi haimwonyi mtu. Njia ya boroneti hunasa sukari yenyewe iliyoganda, kwa hiyo S haiisumbui sana. Vimashine vingi vya kuchoma kidole hutumia mojawapo ya hizi mbili, kingamwili au boroneti. Uliza ni ipi.

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni alishaongezewa dozi kwa majibu ya kingamwili, huku glukometa yake, kimashine cha kupimia sukari nyumbani, ikisoma vizuri asubuhi na jioni. Tulipompima kwa HPLC, kilele cha S kikaonekana. Nakusihi, nenda na daftari lako la glukometa: HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa 8.6 mmol/L. Vikipishana mno, mwambie daktari kabla dawa haijabadilishwa.

Angalia pia kizio, yaani kama namba ni ya asilimia au ya mmol/mol. Asilimia 6.5, ambayo WHO iliikubali mwaka 2011 kama mpaka wa kutambua kisukari, ni sawa na 48 mmol/mol. Asilimia 7 ni 53. Nimeona mtu akitetemeka kwa kuona 53.

Mgonjwa wa selimundu mwenyewe, si mbebaji, asipimwe HbA1c kwa njia yoyote kati ya hizi. Chembe zake hufa mapema mno, na himoglobini A, ile ya kawaida, hana, labda ile aliyoongezewa. Aombe fruktosamini, kipimo cha sukari iliyoganda kwenye protini nyingine za damu, inayoeleza wiki 2 hadi 3, mradi albumini yake, mojawapo ya protini hizo, iwe sawa. Ukosefu wa madini ya chuma hupandisha HbA1c kwa uongo. Malaria kali na kupoteza damu huishusha. Ukiongezewa damu, mweleze mtoa sampuli kabla hajafunga mpira mkononi, na kipimo kiahirishwe miezi mitatu.