Kujaribu Msimbo wa Python Bila Kuusakinisha

Tuchukue kwamba unaandika, ukiwa Kisumu, programu ya kukokotoa nauli za matatu ziendazo Nakuru kupitia Ahero na Kericho. Msimbo umo katika folda `src/nauli`, na majaribio yamo katika folda `tests` iliyo sambamba na `src`. Ukiendesha `pytest`, zana ya kuendesha majaribio ya Python, jaribio lenye mstari `from nauli.bei import kokotoa` hukatika kwa ujumbe `ModuleNotFoundError`, ijapokuwa faili yenyewe unaiona.

Python haitafuti moduli katika kompyuta nzima, bali hupitia folda zilizoorodheshwa katika `sys.path` pekee. Kwa mpangilio wake wa kawaida, pytest huongeza katika orodha hiyo folda yenye faili ya jaribio, mradi folda hiyo haina `__init__.py`, yaani faili inayoifanya folda kuwa kifurushi cha Python. Kwa hiyo `tests` huingia na `src` hubaki nje, na ndiyo sababu faili saidizi iliyo kando ya majaribio hupatikana ilhali `nauli` haipatikani.

Tangu toleo la 7.0, lililotoka mwaka 2022, pytest ina mpangilio wa kuliondoa tatizo hili. Katika faili ya `pyproject.toml`, kwenye folda kuu ya mradi, andika:

```
[tool.pytest.ini_options]
pythonpath = ["src"]
testpaths = ["tests"]
```

Anwani ya `src` husomwa kuanzia folda kuu ya mradi, kwa hiyo mwenzako aliye Nakuru akiunakili mradi huo hatalazimika kubadilisha chochote.

Mwenye toleo la zamani, akiwa kwenye Linux au Mac, anaweza kuandika `PYTHONPATH=src pytest`, ambapo `PYTHONPATH` ni kigezo cha mazingira kinachoongeza folda katika `sys.path`. Amri ya `python -m pytest` huongeza folda uliyomo tu, hivyo hufaa pale `nauli` inapokaa moja kwa moja katika folda kuu. Wapo wanaoweka `sys.path.insert` juu ya kila faili ya jaribio. Hufanya kazi, lakini siipendekezi, kwani siku folda ikibadilishwa jina itabidi kurekebisha faili zote.

Kisha hakikisha ni msimbo upi unaojaribiwa, hasa ikiwa uliwahi kusakinisha toleo jingine la `nauli`. Weka `import nauli` na `print(nauli.__file__)` ndani ya jaribio, uendeshe `pytest -s` (`-s` huacha kilichochapishwa kionekane), na uone kama anwani inayochapishwa inapitia `src` ya mradi wako.

Maktaba za nje ambazo `nauli` inazitegemea bado zitahitaji kusakinishwa. Vilevile, jaribio likianzisha Python nyingine kwa `subprocess`, mpangilio wa `pythonpath` hauifikii, tofauti na `PYTHONPATH` ambayo hurithiwa. Na ikiwa unajaribu amri ambayo huundwa wakati wa usakinishaji, au msimbo unaosoma namba ya toleo kupitia `importlib.metadata`, tumia `pip install -e .`, ambayo husakinisha mradi huku ikiendelea kusoma faili zako palepale zilipo.