Kutengeneza modeli ya zebaki na risasi kandokando ya machimbo madogo ya dhahabu

Chukua mfano wa Geita: karasha linasaga mawe, unga unaoshwa kwenye mwalo (sehemu ya kuoshea), zebaki inakamata dhahabu, marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, yanarundikwa palepale. Tembea eneo zima na GPS, uandike kila mwalo, kila rundo la marudio na kila mahali zebaki inapochomwa. Hivyo ndivyo vyanzo vya modeli, yaani ramani na hesabu za jinsi metali hizi zinavyosambaa. Ukisahau kimoja, ramani itasingizia kingine.

Kisha tafuta kiwango cha asili. Chukua sampuli 10 hivi upande wa juu wa mto, kwenye mwamba wa aina ileile. Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana aseniki yake, isiyotokana na mchimbaji.

Udongo chimba sentimita 0 hadi 20, uchanganye vijiko vitano kwa kila pointi. Acha mita 50 kati ya pointi karibu na chanzo, 200 ukienda mbali. Anika kivulini. Ukiukausha kwenye oveni ya nyuzi 105 zebaki inapaa, jibu linatoka dogo, na watu wanaambiwa wako salama kumbe sivyo.

Maji yachuje kwa kichujio cha mikroni 0.45 kwanza, ndipo utie asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, inayeyusha metali zilizomo kwenye tope. Maji ya kupimia zebaki weka kwenye chupa ya kioo.

Kwenye programu ya QGIS au R, geuza vipimo kuwa logi (logarithm) kabla ya krigingi, yaani kukisia viwango vya kati ya pointi ulizopima, maana sampuli moja ya mahali pa kuchomea zebaki huvuta ramani nzima. Halafu ondoa pointi mojamoja uone modeli inaikisia vipi.

Kwa maji ya ardhini, kokotoa ucheleweshaji (R), yaani metali inasogea polepole mara ngapi kuliko maji: R = 1 + (ρ/n) × Kd. Kd inaonyesha udongo unavyoishika metali ukilinganisha na maji. Uzito wa udongo (ρ) ukiwa kilo 1.5 kwa lita, nafasi wazi (n) 0.4 na Kd lita 100 kwa kilo, R ni 376: maji yakienda mita 75 kwa mwaka, risasi inasogea sentimita 20. Lakini marudio yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakinyeshewa hutoa asidi. Kd ikianguka hadi 2, risasi ileile inakwenda karibu mita 9 kwa mwaka. Kwa hiyo usichukue Kd ya kitabuni; ipime kwa udongo na maji ya hapohapo.

Marudio yakipelekwa kwenye sainaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, zebaki iliyobaki huyeyuka na kufuatana na maji. Hapo pima Kd upya, na visima vilivyo upande wa chini wa plant ya sainaidi vipimwe kabla ya vingine vyote. Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.006 za zebaki kwa lita, na 0.01 za risasi.