Somo la mbu kwa chupa mbili za maji

Somo la mbu huishia ubaoni: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, basi. Mimi nalifundisha hivi.

Hatua ya 1. Siku moja kabla, chota viluwiluwi sehemu mbili: dimbwi linalopigwa jua (nyayo za ng'ombe zilizojaa maji zinafaa sana) na tairi kuukuu. Watie katika chupa mbili angavu, ufunge midomo kwa kipande cha chandarua. Chandarua usikisahau. Niliwahi kuacha chupa wazi Ijumaa; Jumatatu mwenzangu wa kemia hakuitikia salamu.

Hatua ya 2. Kipindi kikianza, usitaje jina lolote. Simamisha karatasi nyeupe nyuma ya chupa, waambie wachore wanachokiona. Wape hata dakika 15, na ukae kimya, ingawa ni vigumu kwa mwalimu. Wa kwanza watachora mchoro wa kitabuni. Warudishe kwenye chupa. Mwishowe mmoja atasema: "Mwalimu, hawa wamelala, wale wananing'inia kichwa chini!"

Hapo ndipo utaje majina. Viluwiluwi wa Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa hawana bomba la kupumulia. Wa Kuleksi na Aedesi wanalo mkiani, ndiyo maana huning'inia.

Hatua ya 3. Gawa viluwiluwi katika vikombe viwili. Waandike kwanza wanachotarajia, kisha tia tone la sabuni ya maji katika kimoja. Sabuni hulegeza mvutano wa uso wa maji. Viluwiluwi hukosa pa kujishikiza, wakazama.

Hatua ya 4. Kufikia hapa darasa limeshajitungia kanuni: Anofelesi ni wa madimbwi. Ivunje. Waeleze habari za *Anopheles stephensi*, mbu wa Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni, aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na Kenya ikatangaza kumpata 2023. Huyu huzaliana hata kwenye matangi ya maji mijini. Watafiti bado wanafuatilia amefika wapi.

Kazi ya nyumbani: wamulike tangi la kwao kwa tochi, wahesabu waliolala na wanaoning'inia. Aliyelala si lazima awe *stephensi*. Kutambua spishi kwa uhakika ni kazi ya maabara inayosoma DNA. Maji ya chupa yamwage kwenye mchanga mkavu, na kipindi kijacho uongeze meza, maana watakuja na chupa zao.