Pikapu ya umeme: kabla ya meno, soma namba za ubavuni

Ukitaka kuifunga pikapu ya umeme matairi ya njia zote, usianze na ukali wa meno. Anza na namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Betri ni nzito mno. Hummer ya umeme, kwa mfano, inapita tani 4 kabla hujapakia chochote. Namba 116 maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 1,250, basi piga hesabu ya manne, uongeze abiria na mzigo. Usishuke chini ya namba aliyoweka mtengenezaji wa gari, hata muuzaji akikuapia kuwa haina shida.

Meno makubwa yenye mianya mipana hushika tope vizuri, lakini kwenye lami hula chaji. Na kwa kuwa hakuna kelele za injini za kuufunika, mngurumo wa meno hayo utausikia wote! Kama njia zako nyingi ni lami na vumbi kidogo, mimi ningechukua meno ya wastani, upana uleule wa awali.

Mota hutoa nguvu papo hapo, meno huisha upesi. Badilisha nafasi za matairi (ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele) kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hivi.