Somo: mbale inagomea sayanaidi? Elesha kwanza kwa povu

Wakuu, kama umeloweka mbale (mawe yenye dhahabu) kwenye sayanaidi, dawa ya kuyeyusha dhahabu, siku kibao na marudio (mchanga unaobaki) bado yanasoma gramu zilezile za dhahabu, acha kuongeza sayanaidi. Dhahabu yako imefungiwa ndani ya pairaiti au asenopairaiti (madini ya chuma na salfa, ya pili ina aseniki pia), ikiwa chembe ndogo mno, dawa haiifikii. Flotesheni, yaani kuelesha kwa povu, inakukusanyia hizo pairaiti, kwahiyo hapa usiwaze dhahabu, waza jiwe linaloificha.

1. Saga mpaka asilimia 80 ipite chekeche la maikroni 75. Ukizidisha unapata tope linalokunywa dawa bure.

2. Changanya na maji, mawe yawe kama asilimia 30 ya uzito. Maji yaliyotoka kwenye sayanaidi usiguse kabisa, yanazuia pairaiti isielee.

3. pH (kipimo cha asidi) iwe 8 hadi 9, pandisha kwa magadi. Chokaa ikizidi inazamisha pairaiti.

4. Kwa tani anza na mrututu (kopa salfeti) gramu 100, koroga dakika 5, halafu zantheti (dawa inayofanya pairaiti ishike povu) gramu 100 dakika 2 au 3, mwisho dawa ya povu gramu 20. Jaribu na kilo 1 kwanza, kila mbale ina tabia yake.

5. Fungulia hewa, anza kukwangua. Hapa tumia macho jamani, povu la mwanzo ni zito, kijivu cheusi, linang'aa, ukilisugua kwa vidole vyenye glavu unasikia mchanga, sasa likianza kuwa jeupe na mapovu yanapasuka matupu basi pairaiti imeisha, simama.

Tani yenye gramu 1.5 za dhahabu ukitoa kilo 60 za povu zilizobeba asilimia 85 ya dhahabu, hizo kilo zinasoma kama gramu 21 kwa tani. Ila bado ni sugu, lazima zioksidishwe kwa bakteria, presha au tanuru lenye mtambo wa kunasa moshi. Usichome asenopairaiti kienyeji, moshi wake una aseniki, unaua.

MASWALI

Mkuu, marudio yaliyokaa nje miaka mingi yataelea?
Kwa shida, pairaiti imeshaota kutu juu. Rudisha kwenye bolimili (mashine ya kusagia) dakika chache uso mpya utokee, ndio uweke zantheti.

Nikishusha pH kwa asidi je?
Hapana kaka, zantheti kwenye asidi inavunjika na kutoa kaboni disalfaidi, ni sumu na inashika moto haraka.

Mbale yangu ina kaboni nyeusi, inachafua povu lote.
Itoe kwanza kwa dawa ya povu peke yake kabla ya zantheti. Ila hilo povu usilimwage hujalipima, mara nyingine linaondoka na dhahabu.