SOMO: Taa ya betri imewaka? Pima kwanza, alteneta utanunua baadaye

Wakuu, ujumbe ni uleule kila wiki: "Fundi, gari inakula betri, alteneta imekufa, nyingine bei gani?" Alteneta ni ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ichaji betri. Nimechoka kuandika jibu moja mara mia. Naliweka hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia linki tu. Mifano yangu ni Toyota za zamani ambazo tunazo mtaani: Corolla 110 ya injini ya 5A, Carina Ti, Mark II GX100, Noah old model. Gari nyingine kanuni ni hizohizo, mpangilio tu ndio unabadilika.

Vifaa: mita ya umeme (hata ile ya njano ya bei chee), spana namba 8, 10, 12 na 14, msasa laini, tochi.

Hatua ya 1. Washa swichi bila kupiga starta. Taa nyekundu ya betri lazima iwake. Isipowaka, tafuta glopu na fyuzi ya dashibodi kwanza.

Hatua ya 2. Mkanda. Una nyufa? Badilisha. Umelegea? Kaza. Ukipiga yowe unapowasha taa kubwa, ujue unateleza.

Hatua ya 3. Pima betri asubuhi kabla hujawasha gari. Volti 12.6 imejaa, 12.0 iko hoi. Iliyo hoi ipeleke kwenye chaja kwanza. Kazi ya alteneta ni kurudishia kilichotumika. Ukiilazimisha kufufua betri mfu safari nzima, itachemka na kuungua yenyewe.

Hatua ya 4. Washa injini, pima kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.8 na 14.5 uko salama. Washa taa kubwa na feni ya AC, pandisha injini hadi mizunguko 2000 hivi, na isishuke chini ya 13.5. Ikisoma 12 na kuzidi kuporomoka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha alteneta) imeachia: maji ya betri yatachemka na glopu zitaungua moja baada ya nyingine, usiendeshe. Ila msiniletee kesi ya "imeshuka hadi 13.6 baada ya foleni ya Ubungo". Regyuleta hushusha volti kidogo kwa makusudi alteneta ikipata moto.

Halafu kuna wale wanaochomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, eti waone kama alteneta "inabeba". Mtindo huo uachiwe magari ya platini na kabureta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, na kinachoungua kinaweza kuwa daiodi, regyuleta au kontroo boksi (kompyuta ya injini). Fundi akianza kufanya hivyo kwenye gari yako, mshike mkono.

Hatua ya 5. Njia ya umeme. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela kwa alteneta nzima. Injini ikiwa imezimwa, pima nati ya B nyuma ya alteneta (pale unapofungwa waya mnene wa kwenda betri) hadi bodi ya gari. Lazima usome volti za betri. Ukisoma sifuri, waya umekatika au ile fyuzi kubwa ya ALT imeungua. Iko ndani ya boksi la fyuzi kwenye injini, nyingi zimefungwa kwa bolti, na mafundi wengi hawaifungui kuiangalia. Kisha washa injini na taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye B na nyingine kwenye chanya ya betri. Isizidi 0.3. Ukiona volti nzima imepotea hapo, waya umeoza ndani au nati imelegea. Fanya hivyo upande wa ethi pia: bodi ya alteneta na hasi ya betri, isizidi 0.2. Malizia na soketi ya pini tatu: IG inapata umeme swichi ikiwashwa, S muda wote, L ndiyo ya taa ya dashibodi.

Hatua ya 6. Vyote vikiwa sawa na bado haichaji, toa alteneta. HASI YA BETRI INATOKA KWANZA. Waya wa B una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa B na bodi kwa pamoja, hapo ni kuchomelea. Fungua kava la nyuma, toa kaboni (vipande viwili vinavyosugua ringi za shaba). Mpya hutokeza milimita 10.5 na mwisho wa kutumika ni 1.5. Zikiwa zimekwisha, badilisha, kazi ya solda ya dakika chache. Safisha ringi za shaba kwa msasa laini. Pima ringi kwa ringi: karibu omu 3. Mita isiposoma kitu, rota (sehemu inayozunguka) imekatika ndani. Ringi na shafti zisiongee kabisa. Zungusha kwa mkono, ikikwaruza badilisha beringi sasa hivi, usirudi kufungua mara ya pili.

Hatua ya 7. Kurudisha kava, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye alteneta hizi za Denso, bolti ya B imevaa kipande cha plastiki kinachoizuia isiguse kava la bati. Ni kidogo, cheusi, kinabaki kimenasa kwenye kava au kinadondoka sakafuni huku wewe unashangilia kaboni mpya. Ukifunga bila hicho, B inagusana na bodi. Hutaona kosa lolote ukiwa unakaza nati. Utaliona utakaporudisha hasi ya betri: cheche, moshi, fyuzi ya ALT kwaheri, na ukiwa na bahati mbaya waya wote umeyeyuka ganda. Kwa hiyo kabla ya kuirudisha kwenye gari, weka mita kwenye alama ya daiodi: ncha moja B, nyingine bodi ya alteneta, halafu geuza ncha. Upande mmoja ikubali, upande mwingine ikatae. Ikikubali pande zote, USIUNGANISHE. Fungua tena. Kipande kikipotea usifunge selotepu, joto litaila. Nenda kwa fundi rewinding (anayesuka koili), atakupa kutoka kwenye alteneta chakavu.

Hatua ya 8. Rudisha, kaza mkanda, hasi ya betri iwe ya mwisho, rudia hatua ya 4.

MASWALI

Mzee_wa_Tabata: Mkuu hicho kipande cha plastiki umekieleza kwa uchungu sana. Inaonekana kilishakukuta.

Fundi Umeme: Swali linalofuata.

kijana_wa_mjini: Gari yangu taa ya betri inawaka ninunue alteneta ya shilingi ngapi?

Fundi Umeme: Umesoma?

kijana_wa_mjini: Ni ndefu mkuu, niko bize. Nipe jibu fupi.

Fundi Umeme: Jibu fupi: hatua ya 4. Njoo na namba.

Neema_Carina: Shikamoo fundi. Nimepima kama ulivyoelekeza, inasoma 14.2, na taa zikiwaka 13.9. Lakini gari ikilala siku mbili, betri iko chini. Betri ni mpya. Je, alteneta inaweza kuchaji vizuri halafu usiku ikala betri yenyewe?

Fundi Umeme: Marahaba dada, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Inaweza. Alteneta inazalisha umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo) wa njia tatu, na daiodi zinaugeuza kuwa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Daiodi hizo ndizo pia mlango wa kuzuia umeme wa betri usirudi nyuma. Moja ikianza kuvujisha, mchana huenda usijue, lakini usiku umeme unarudi kupitia koili. Asubuhi kabla hujawasha gari, gusa alteneta. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini ni ya baridi, umempata mwizi. Kama ni ya baridi, zima kila kitu, toa hasi ya betri, weka mita ya ampea kati ya hasi na waya wake. Subiri dakika kadhaa gari "ilale". Ikibaki juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Usipige starta mita ikiwa hapo, utaiunguza. Anza na fyuzi ya redio na alamu, hasa kama zilifungwa mtaani.

Neema_Carina: Ni alamu! Nimechomoa fyuzi yake, imeshuka kutoka 310 hadi 28. Ubarikiwe sana.

Fundi Umeme: Safi. Umeokoa hela ya alteneta.

Dereva_Noah: Nimeweka mita ya njano kwenye AC nipime daiodi, inasoma 30 na kitu! Gari italipuka?

Fundi Umeme: Hapana. Mita nyingi za njano ukizipa DC ukiwa upande wa AC zinakudanganya, zinaonyesha kama mara mbili ya volti za betri. Geuza ncha, itasoma sifuri. Kwa kipimo hicho azima mita nzuri. Inapaswa kusoma chini ya nusu volti, na alteneta nzima huwa chini sana ya hapo.

BassKubwa: Mimi nina amplifaya ya wati 1000, taa zinacheza na mdundo. Niongeze betri ya pili?

Fundi Umeme: Piga hesabu. Wati 1000 kwa volti 13.8 ni ampea 72. Soma kibati cha alteneta yako, nyingi za Corolla ziko 70 au 80, na hapo injini iwe inakimbia. Ukiwa saileni (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) hupati hata hizo. Betri ya pili nayo inataka kuchajiwa na alteneta hiyohiyo. Punguza sauti.

fundi_mwenzio: Hatua ya 4 siyo sahihi, sisi tunachomoa terminali miaka yote na magari yanatembea.

Fundi Umeme: Yanayotembea unayaona. Yaliyorudi na kontroo boksi imekufa ulisema ni "shoti ya mvua".

Mama_Kibaha: Fundi, terminali zangu zinaota ukungu mweupe kila mwezi, nikifuta unarudi.

Fundi Umeme: Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, usiyaache yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kaza, paka grisi juu. Ukirudi haraka hivyo, pima chaji. Betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ndio unaokula terminali.

Mzee_wa_Tabata: Na kama nikiishia kununua ya mtumba pale Ilala, niangalie nini?

Fundi Umeme: Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha soketi, idadi ya mifereji kwenye puli, na nafasi ya masikio ya kufungia. Zungusha, sikiliza beringi. Chungulia nyuma: koili za shaba zinazong'aa kahawia ni sawa, zilizogeuka nyeusi zimeshaungua. Kisha fanya kile kipimo cha B na bodi cha hatua ya 7 mbele ya muuzaji. Akikataa usipime, vuka barabara, kuna duka jingine.