Namna ya Kuimarisha Mifupa kwa Chakula na Mazoezi

Mfupa ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya maisha yote, na mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku ili ujenzi huo usikwame. Pika dagaa wakavu na uwatafune pamoja na miiba yao, kwani humo ndimo kalsiamu ilimo. Ongeza maziwa au mtindi, wala usitegemee mchicha peke yake, maana oksaleti, kemikali ya asili iliyomo, huzuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe. Ota jua, ngozi itengeneze vitamini D inayosaidia kalsiamu kufyonzwa.

Kisha upe mfupa mzigo: panda ngazi, ruka kamba, tembea kwa kasi. Kuogelea, ingawa kunaufaa sana moyo, hakuulemei mfupa vya kutosha. Mzee ambaye mifupa yake imekwisha kudhoofika, tafadhali, asiruke. Ashike ukuta na kujizoeza kusimama kwa mguu mmoja, kwa sababu kuanguka ndiko humvunja nyonga.